Najisomea mwenyewe mtihani wa PMP wa usimamizi wa miradi, nimeganda kwenye asilimia sitini. Mliopita njia hii nisaidieni

Kisima_Singida (11 Machi 2025)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni afisa miradi kwenye shirika dogo lisilo la kiserikali hapa Singida. Kazi yetu ni visima virefu na vituo vya kuchotea maji vijijini. Nina stashahada ya uhandisi wa maji, digrii sina. Tangu 2019 miradi naibeba mimi: naandaa bajeti, nahangaika na mkandarasi, nakaa vikao na jumuiya ya watumia maji, naandika ripoti ya mfadhili, na pampu ikigoma usiku anayepigiwa simu ni mimi.

Nimeamua kufanya PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani. Kozi ya darasani niliyoulizia Dar inakula mishahara ya miezi kadhaa, bado nauli na mahali pa kulala, kwa hiyo nasoma nyumbani jioni. PMBOK, kitabu chao cha mwongozo, toleo la saba nimelimaliza lote na bado sijui nimejifunza nini. Maswali ya majaribio napata 58, 61, 60, pale pale. Kinachoniudhi zaidi, ya hesabu napata vizuri. Ninayokosa ni yale yanayofanana kabisa na kazi yangu ya kila siku.

Naomba kujua: stashahada inakubalika? Cheo changu hakina neno "meneja" popote, haitakuwa shida? Kujisomea tu kunatosha au lazima nilipie kozi? Na haya maswali ya "ungefanya nini kwanza" wenzangu mnayajibuje?

Nawasilisha.

Mzee_Saruji (11 Machi 2025)

Mdogo wangu, kabla hujatoa pesa yako, cheti hicho unakipeleka wapi? Kama unabaki kwenye mashirika ya maendeleo, kuna Project DPro ya PM4NGOs. Imetungwa kwa ajili ya watu wa kazi kama yako, bei yake ni nafuu, na ngazi ya kwanza haidai uzoefu. Ukifanya kazi na Waingereza utasikia wanataja PRINCE2, cheti kingine cha miradi. PMP ni ya watu wa makampuni makubwa. Nimekaa saiti miaka mingi, sijawahi kuona cheti kikimwaga zege.

Mkadiriaji_Kigamboni (12 Machi 2025)

Mzee Saruji shikamoo. Kwenye DPro nakuunga mkono, kwenye zege tutabishana siku nyingine.

Kisima, mimi ni mkadiriaji majenzi, nipo Kigamboni, PMP nilijisomea huku nina watoto wawili ndani ya nyumba, kwa hiyo najua jioni zako zilivyo. Nianze na makaratasi, maana kuna watu wanakwamia hapo na wala hawajauona mtihani.

Stashahada inakubalika. Kwa masharti ya 2025, mwenye digrii ya miaka minne alidaiwa miezi 36 ya kuongoza miradi, wa stashahada kama wewe 60, yote iwe ndani ya miaka 8 iliyopita. Cheo si hoja. PMI wanaangalia kama uliongoza na kuelekeza kazi za mradi, na hayo uliyoyaandika hapo juu ndiyo hayo hayo, ila yaandike kimradi: lengo lilikuwa nini, timu ilikuwa ya akina nani, wewe ulifanya nini, matokeo yakawaje. Angalizo moja: miezi inayogongana haihesabiwi mara mbili. Ukiwa na kisima Iramba na kingine Mkalama kwa wakati mmoja, Januari inabaki kuwa Januari moja.

Kabla hujatuma maombi, wapigie simu waliokuwa mabosi wako. Baadhi ya waombaji huchaguliwa kwa ukaguzi bila mpangilio maalumu, na wakikuchagua unapewa siku 90 za kuleta nakala ya cheti, ushahidi wa mafunzo na saini za waliokusimamia kwenye kila mradi uliouandika. Kama bosi wako wa 2019 alishahamia nchi nyingine na namba yake haipatikani, siku 90 zitakwisha ukimtafuta. Na jina! Jina la kwenye akaunti yako ya PMI lifanane na la kwenye kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani, bora kiwe pasipoti. Sisi wa majina matatu, ambao cheti cha kidato cha nne kinasema hivi na pasipoti inasema vile, tulimalize hilo mapema.

Sasa kuhusu kozi. Kusoma kitabu peke yako hakuhesabiwi kama mafunzo. Unatakiwa uwe na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi zenye cheti cha kumaliza. Lakini hakuna aliyesema lazima ukae darasani Dar. Kozi ya video ya mtandaoni yenye jaribio mwishoni inatosha, na ukivizia siku za punguzo utaipata kwa pesa isiyokuuma. Yangu nyingi niliisikilizia kwenye foleni ya pantoni, spika ya simu sikioni, upepo wa bahari unampiga mwalimu. Usitegemee kozi ikufundishe kila kitu. Inakupa zile saa na picha ya jumla, basi.

PMBOK ya saba imekuchosha bure kwa sababu haikutungwa iwe kitabu cha kiada. Ina kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji. Inakueleza namna ya kufikiri, haikupi hatua. Toleo la sita, la 2017, ndilo lenye michakato 49 imepangwa moja moja, na ndiyo maana watu bado wanalifungua wakitaka kujua kipi kinatangulia kipi. Ila ramani yenyewe ya mtihani ni muhtasari wa maudhui ambao PMI wameuweka bure kwenye tovuti yao. Uliokuwa ukitumika 2025 ulianza Januari 2021: maswali ya watu yalikuwa asilimia 42, mchakato 50, mazingira ya biashara 8. Na ukiyachukua yote kwa pamoja, karibu nusu yalikuwa ya ajaili (kazi inafanywa kwa vipande vifupi na mpango unarekebishwa njiani) au ya mseto. Uchapishe ubandike ukutani. Wewe wa mikataba na BOQ (orodha ya kazi na bei zake), hiyo nusu ya ajaili hujawahi kuigusa kazini. Mimi ndiyo kabisa, nani ameshawahi kumwaga msingi kwa sprinti, vile vipande vifupi vya kazi? Hapo ndipo pa kusoma kama mgeni, polepole: njia zake kama skramu na kanban, mwenye bidhaa (anayepanga kipi kifanywe kwanza) anaamua nini, timu inaamua nini.

Haya, tuje kwenye sitini yako.

Nadhani unayakosa maswali ya kazi yako kwa sababu unayajibu ukiwa Singida. Ofisi zetu zimetulea hivi: jambo likizidi kimo, mpelekee bosi. Mtu akichelewa kazini, barua ya onyo. Mkubwa akitaka kitu, tafuta namna ya kumridhisha, karatasi zitafuata. Kwa maisha ya hapa ni busara, na wala sikwambii uache. Lakini anayetunga mtihani ana meneja wake kichwani, na meneja huyo ana tabia zake. Hakimbilii kwa mfadhili wala kwa mkurugenzi kabla hajafanya la kwake. Hamwadhibu mtu kabla hajakaa naye faragha akamsikiliza. Hatekelezi badiliko kabla hajapima athari zake, na halikatai pia kabla hajapima. Akiletewa tatizo, kwanza anatafuta kimelisababisha nini. Ukishamfahamu mtu huyu, maswali yanaanza kufanana.

Chukua hili, nimelitunga sasa hivi kwa mfano wako:

*Diwani mwenye ushawishi anataka tanki lijengwe kwenye kilima kingine. Mkandarasi ameshaanza kuchimba msingi kwenye kilima kilichoidhinishwa. Meneja wa mradi afanye nini kwanza? (a) Amweleze diwani kuwa wigo umeshapitishwa na haubadiliki. (b) Alipeleke suala kwa mfadhili. (c) Atathmini athari za badiliko hilo kwa gharama, muda na ubora. (d) Awasilishe ombi la mabadiliko kwenye kamati ya kudhibiti mabadiliko.*

Nakisia mkono wako umekwenda (b). Jibu ni (c). Angalia lakini (d) ilivyo tamu: ni hatua sahihi kabisa, ila si ya kwanza, kamati ikipelekewa ombi lisilo na tathmini itaamua kwa kutumia nini? Hivyo ndivyo wanavyotega. Wanakuwekea mawili mazuri, kisha neno moja la swali, "kwanza" au "baadaye", ndilo linaloamua.

Halafu geuza swali lile lile kidogo. Sema ni timu inayotengeneza programu ya simu ya kusoma mita za maji, wanafanya kazi kwa sprinti za wiki mbili, na diwani anataka kitufe kipya. Hapo kamati ya mabadiliko haipo. Ombi linapelekwa kwa mwenye bidhaa, analiweka kwenye orodha ya kazi zinazosubiri na kulipanga kwa thamani yake, na sprinti inayoendelea haivurugwi. Diwani ni yule yule, jibu ni jingine. Kwa hiyo kabla ya kuangalia (a) mpaka (d) jiulize: hawa wanafanya kazi kwa njia gani? Swali litakwambia, mara nyingi kwa neno moja tu.

Jingine linalowachanganya watu wa saiti ni kihatarishi na tatizo. "Masika yanaweza kukata barabara ya kupitisha mtambo" ni kihatarishi, kinaandikwa kwenye rejista ya vihatarishi na kupangiwa mwitikio. "Mtambo umenasa kwenye tope tangu jana" ni tatizo tayari. Linaingia kwenye daftari la matatizo, na kama ulishalipangia mwitikio unautekeleza, huanzi kuitisha kikao cha kutambua vihatarishi. Kazini sisi vyote tunaviita changamoto na maisha yanaendelea.

Namna ya kufanya mazoezi: punguza idadi ya maswali, ongeza muda wa kusoma maelezo ya majibu. Maswali ishirini jioni moja yanatosha, mradi kila ulilokosa uandike kwenye daftari kwa maneno yako kwa nini jibu lao limelishinda chaguo lako. Usiandike "nilikosa swali la wadau", hiyo haina msaada. Andika "nilikimbilia kwa mfadhili kabla ya kuongea na mhusika". Baada ya kurasa chache utaona unarudia makosa manne au matano yale yale. Na swali ulilopata kwa kubahatisha lihesabu umekosa.

Pa kupata maswali: PMI wana Study Hall yao, ya kulipia, na mimi kama ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu ningelipia hiyo, kwa sababu uandishi wa maswali yake unafanana na wenyewe. Ina maswali ya daraja la wataalamu ambayo yanakera kweli kweli. Ukiyakosa hayo usipoteze usingizi. Maswali ya bure yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kaa nayo mbali. Mengi ni ya mtihani wa zamani, wa kukariri pembejeo na matokeo ya kila mchakato.

Hesabu zako usiziongezee muda, ila hakikisha unajua namba inasema nini. Mradi wa milioni 120. Mpaka leo ulipaswa uwe asilimia 60, umefika 45, umetumia milioni 66. Thamani iliyopangwa ni milioni 72, iliyopatikana ni 54. CPI, kipimo cha gharama, ni 54 kwa 66, yaani 0.82, SPI, kipimo cha ratiba, ni 54 kwa 72, yaani 0.75. Ukiendelea kutumia hivyo hivyo utamaliza kwa milioni 146 na ushee. Hapo umeshapata namba, lakini swali linaweza kukuuliza utamweleza nini mfadhili aliyesikia kwamba "bado tuna milioni 54 benki" na amefurahi. Hapo ndipo wenye kikokotoo tu wanapoangukia.

Muda. Mtihani wa 2025 ulikuwa na maswali 180 kwa dakika 230, ni kama sekunde 76 kwa swali, na hauna Kiswahili. Kulikuwa na mapumziko mawili ya dakika kumi, baada ya swali la 60 na la 120, na ukishaingia mapumziko huwezi tena kurudi kuyagusa maswali ya nyuma. Kwa hiyo uliyoyawekea alama uyamalize kabla hujaenda kunywa maji. Maswali marefu mimi nilikuwa nasoma sentensi ya mwisho kwanza, nijue naulizwa nini, ndipo narudi juu kwenye hadithi.

La mwisho: hakuna anayejua alama ya kufaulu, PMI hawaitangazi. Matokeo yanakuja kwa viwango vinne, kuanzia juu ya lengo mpaka unahitaji kuboresha, kwa kila eneo. Na kwenye mtihani huo wa 2025 maswali matano kati ya 180 hayakuhesabiwa, yalikuwa ya majaribio yao, ila huwezi kuyatambua. Kwa hiyo anayekwambia "fikisha 75 utapita" anakutengenezea kanuni yake.

Ahlan_Muscat (12 Machi 2025)

Salamu kutoka Muscat. Mzee Saruji, kumwaga zege hakimwagi, lakini huku matangazo mengi ya kazi za miradi, ya ujenzi hata ya mafuta, yanataja PMP kwa jina, na anayepitisha wasifu mara ya kwanza hajui hata zege ni nini. Anatafuta hizo herufi tatu.

Kama kuna msomaji mwingine hapa ambaye miezi haijamtosha, CAPM, cheti cha ngazi ya chini cha PMI hao hao, haidai uzoefu, inataka saa 23 za mafunzo. Na ukishakuwa nayo, siku ukienda PMP zile saa 35 hudaiwi tena.

Bandari_Kisauni (13 Machi 2025)

Hamjambo nyote. Dada wa Kigamboni ameyamaliza, mimi nitaongezea tu kuhusu kufanyia mtihani nyumbani kwa sababu mimi ndivyo nilivyoufanya, hapa Mombasa.

Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani, wanakuruhusu ufanye kituoni ama nyumbani kwa kompyuta yako. Nyumbani kunaonekana rahisi hadi ile siku. Chumba kiwe kitupu, meza iwe tupu, unapiga picha pande zote kabla ya kuanza, halafu kuna mtu anakutazama kwenye kamera muda wote. Mtu akiingia chumbani mtihani unaweza kusimamishwa hapo hapo. Nyumba yetu ni ya ua mmoja na wapangaji wengine, mlango haubishwi, unasukumwa tu. Ilibidi mke wangu akae barazani kama askari, na hata hivyo jirani alikuja kuomba mwiko wa kusongea ugali, nikamsikia akizuiwa.

Karatasi na kalamu hairuhusiwi, unaandika kwenye ubao wa ndani ya kompyuta kwa kipanya, na kuchora mtandao wa kazi kwa kipanya ni adhabu. Na kama wewe ni wa kusoma kwa kunong'ona, jizoeze kuacha, wataona midomo inacheza na wakuonye.

Halafu stima. Kompyuta ina betri, sawa, lakini ruta haina. Singida sijui kukoje, ila kama unaweza kufika kituoni Dar, ningekushauri ulipe nauli uende.

Kisima_Singida (15 Machi 2025)

Dada wa Kigamboni, Mungu akubariki. Na wengine wote, Mzee Saruji pia, DPro nimeiangalia na kweli ni kama wametuandikia sisi. Nitaifanya, lakini PMP siiachi.

Jana nimefanya ishirini tu kama ulivyosema. Nimepata 13, ila safari hii nimeandika sababu. Kati ya saba nilizokosa, nne nimempelekea mkubwa! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaniuliza kuna nini.

Moja bado linanisumbua. Katikati ya mradi unagundua kuna mdau muhimu hakuwahi kuorodheshwa. Nikachagua kumwalika kwenye kikao kijacho, kwa sababu ndivyo ningefanya: mzee ambaye bomba linapita shambani kwake ukimgundua leo, unamfuata leo. Wao wanasema kwanza nisasishe rejista ya wadau. Yaani mzee amekasirika pale, mimi najaza fomu?

Na nilipie mtihani lini? Sasa ili nijibane, au nisubiri mpaka niwe tayari?

Mkadiriaji_Kigamboni (15 Machi 2025)

Nne kwa mkubwa, hahaha. Karibu chamani.

Kuhusu mzee wa shamba: rejista wanayoisema si fomu ya kujaza tu. Kumwandika maana yake ni kujiuliza huyu ni nani, anataka nini, ana nguvu kiasi gani ya kuusimamisha mradi, na ana uhusiano gani na wale uliokwisha kuwaandika. Ukishajua hayo ndipo unaamua umwalike kikaoni, au umfuate nyumbani kwake na mwenyekiti wa kijiji, au umpelekee mhandisi amweleze bomba litapita kina gani. Ukimwalika kikaoni kabla hujajua anagombea fidia au anagombea mpaka na mdogo wake, unaweza kuulipua mradi mbele ya kijiji kizima. Wewe hayo unayafanya kichwani ukiwa kwenye pikipiki unaelekea kwake, ndiyo maana huoni kuwa ni hatua. Mtihani unaiona.

Kama ungeulizwa "mzee amezuia mtambo, vijana wana mapanga", jibu lisingekuwa rejista. Soma hali iliyoandikwa, usiiongezee ya kwako.

Malipo: tuma maombi sasa hivi, kuandika ile miradi tu kutakula wikendi zako, na bado kuna uwezekano wa ukaguzi. Wakishakuidhinisha una mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo unaweza kuufanya mtihani hadi mara tatu, japo kila mara unalipa. Kabla ya kulipa linganisha bei ya mwanachama na asiye mwanachama. Uanachama wenyewe una ada, lakini mtihani unashuka bei na PMBOK unaipakua bila kulipa tena. Tarehe ya kituo usishike bado. Subiri daftari lako la makosa lianze kukosa cha kuandika, halafu fanya maswali 180 kwa mkupuo mmoja, Jumamosi asubuhi, simu umeizima. Ukifika la 150 na bado unasoma swali lote mpaka mwisho, shika tarehe.

Na hilo la nne kwa mkubwa, yabandike humu mawili matatu tuyaone.